Namna Tulivyomchagulia Sajini Altimetre

Sajini alipoweka vile vitu vitatu juu ya meza yangu ya kazi, niliona mara moja kwamba si saa. Vilikuwa na kioo, na sindano, na mkanda wa kufungia mkononi, lakini sindano ilikuwa moja tu kwa kila kimoja, na namba hazikuishia kumi na mbili. Niliyaona hayo nikanyamaza. Nilikuwa fundi saa wa pekee katika mtaa wa Nyamianda, nilikuwa nimeoa mwaka uleule, na mtu aliyesimama mbele yangu alikuwa na viatu vilivyong'aa mpaka niliona paa la kibanda changu ndani yake.

"Weye unazijua hizi?" akauliza.

"Ninazijua," nikasema.

"Basi unichagulie moja. Minye nitaruka nayo."

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya uhuru, ambapo kila mtu Uvira, mji wetu wa kando ya ziwa, alikuwa amepandishwa cheo. Karani alikuwa mkuu wa biro, mpishi wa wamisionari alikuwa mkaguzi wa soko, na shemeji yangu aliyekuwa akifagia bandarini Kalundu alikuwa amepewa filimbi. Sajini yeye alikuwa amepelekwa mafunzo ya parashuti, akarudi na mabawa ya shaba kifuani. Wakubwa wa teritwari, yaani wilaya yetu, wakaamua kwamba sikukuu ya uhuru itapambwa na mzaliwa wa hapa akishuka kutoka angani juu ya bonde la Ruzizi. Zamani Wazungu walikuwa na klabu yao ya kuruka, na watu walikuwa wakienda kuwatazama. Walipoondoka walisahau sanduku moja depo, ghalani, na ndani yake mlikuwa na parashuti mbili, kofia ngumu iliyoliwa na panya, na hizi altimetre tatu.

"Mafunzoni hamkuzitumia?" niliuliza.

Alitazama nje kwanza. "Mafunzoni parashuti ilikuwa imefungwa kwa kamba ndani ya ndege. Ukitoka, kamba inavuta, inafunguka yenyewe. Safari hii wanataka nianguke kwanza, kama Wazungu, halafu nivute mwenyewe. Hii altimetre ndiyo inaniambia niko juu kiasi gani na ni wakati gani nivute."

"Na ikikudanganya?"

"Ndiyo maana nimekuja kwa fundi."

Nilimwambia aniachie siku tatu. Alipotoka tu nilifunga mlango nikaanza kuvitazama kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake. Ya kwanza ilikuwa nzuri kupita kiasi, kubwa, nyeusi, namba zake ziking'aa gizani, na sajini alikuwa ameshaipaka kiwi ya viatu pande zote mpaka ikawa kama viatu vyake. Ya pili ilikuwa na kioo kilichopasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kijivu, mkanda wake mnene wa turubai ukifunika nusu ya uso wake, na namba zake zilifika elfu kumi na mbili, wakati wenzake waliishia elfu nne.

Niliifungua ile ya kioo kibovu. Sikukuta springi kubwa wala magurudumu niliyoyazoea. Ndani mlikuwa na kikopo cha bati laini, chenye mikunjo, kimefungwa kabisa. Nilikigusa kwa ncha ya kidole, sindano ikakimbia. Hapo nikakumbuka jinsi mwalimu wetu alivyotuambia kwamba hewa ina uzito, na kwamba mlimani inakuwa nyepesi. Kikopo kilikuwa kinasikia uzito wa hewa. Nilifurahi sana, nikamwita mke wangu nimweleze. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Na huyo muntu anaruka juu ya neno lako?" Furaha ikaisha.

Sajini aliporudi nilimwambia kwa sauti ya daktari kwamba dawa ni kupanda mlima. Tungeziweka zote kwenye sifuri pale ufukweni, kwa kuzungusha kifundo kidogo cha pembeni, kisha tupande hadi kwenye jiwe la saruji ambalo wapima ardhi walilisimika kule juu, njia ya kwenda nyanda za malisho. Jiwe lilikuwa limeandikwa kimo chake. Kimo cha ziwa kilikuwa kimeandikwa ukutani bandarini. Tungetoa kimoja kwa kingine, na altimetre itakayosema jibu hilo ndiyo ya kweli.

Tuliondoka alfajiri. Sajini alivaa mbili, mimi moja. Mlima wa Uvira haukupi nafasi ya kuzoea. Ukimaliza nyumba ya mwisho unaanza kupanda kwa magoti. Sajini alikuwa amevaa vile viatu. Kufika saa nne vilikuwa mkononi mwake, na yeye alikuwa akihema na kuniuliza kila baada ya hatua ishirini, "Inasema ngapi?" Niligundua kwamba hakuwa akiuliza kwa ajili ya mtihani. Alitaka kujua bado kiasi gani.

Jiwe tulilikuta mchana, karibu na nyumba ya mama mmoja mfugaji, mtu mzima mwenye fimbo ndefu, ambaye alitutazama tukilizunguka jiwe lake na kuandika namba chini kwa kijiti. Jibu lilitoka mita elfu moja na mia tano na kitu. Ile nzuri ilisema hivyo. Ya kioo kilichopasuka ilisema hivyo. Ile ya kijivu ilisema elfu tano.

"Hii ndiyo yangu," sajini akasema papo hapo.

"Kwa nini hiyo?"

"Iko na nguvu. Inatoa juu zaidi kuliko zingine."

Nilijua kwamba kuna kosa, lakini sikujua ni la nani, na sikutaka lionekane kuwa langu. Yule mama alitukaribisha ndani, akatupa maziwa ya kuganda ndani ya kibuyu, akauliza vile vitu ni vya kazi gani. Nilimweleza kwamba vinapima urefu wa kutoka ziwani mpaka kwake.

"Huo ninaujua," alisema. "Nikiwa kwa binti yangu kule chini, maharage yanaiva kabla sijamaliza kuongea naye. Hapa kwangu ninayaweka asubuhi, ninaenda kanisani, ninarudi, bado yanagonga sufuria. Hivyo vyenu vinasema nini?"

"Viwili vinasema elfu na mia tano, mama. Kimoja elfu tano."

Alifikiri kidogo. "Marehemu mume wangu alikuwa akihesabu hatua kutoka hapa hadi kwenye maji ya kuchota, anapata mia mbili. Minye nikihesabu, mia tatu. Tuligombana miaka, na maji yalikuwa palepale. Huyo wa elfu tano anahesabu kwa miguu ya nani?"

Niliweka kibuyu chini. Nikaichukua ile ya kijivu, nikausogeza mkanda wa turubai, nikafuta jasho na vumbi la miaka kwa mate. Chini kabisa ya uso wake palikuwa na herufi mbili ndogo zilizofifia. Ilikuwa inahesabu kwa futi, kipimo cha Waingereza, na futi tatu na ushee ndizo zinazotengeneza mita moja.

Nilimgeukia sajini. "Walikuambia uvute kwenye ngapi?"

"Mia nane."

"Mia nane za hii ni mita mia mbili na arobaini. Ungevuta wakati tayari unasalimiana na watu."

Sajini akamwomba mama maziwa mengine.

Zilibaki mbili, na mimi ningesema achukue ile nzuri tumalize. Lakini tukishuka, sajini, ambaye sasa alikuwa na heshima kubwa kwa maswali, aliuliza la kwake. "Fundi, kupanda tumepanda polepole, siku nzima. Minye kazi yangu ni kuanguka. Tunajuaje kama hizi zinaweza kuanguka mbio?"

Lilikuwa swali zuri kupita yote niliyouliza mimi, na likaniudhi. Nikamjibu kwamba sina kitu cha kumwangusha nacho. Akasema yeye anamjua mtu.

Mtu huyo alikuwa shofere wa kamyo ya mizigo kati ya Bukavu na Uvira. Ile barabara inashuka mteremko wa Ngomo kwa kona za kutisha mpaka bondeni, na mashofere wenye akili waliishuka kama watu waliobeba mayai. Huyu alijulikana kwa kutokuwa mmoja wao. Tulipanda naye hadi Bukavu, tukalala, na wakati wa kurudi, kabla ya kona ya kwanza, sajini alimgonga begani.

"Hapa ninaomba ushuke haraka."

Shofere alimtazama kwa mshangao wa mtu ambaye maisha yake yote ameombwa kinyume. "Haraka namna gani?"

"Namna unavyoweza."

"Ni amri ya jeshi?"

"Ni amri ya jeshi."

Sitaeleza kona zote. Nyuma tulikuwa na magunia ya viazi na kabichi na akina mama watatu wafanyabiashara, na kabichi zilianza kushuka kabla yetu. Sajini alikuwa ameinua mikono yote miwili mbele ya uso, altimetre moja kila mkono, akisoma namba kwa sauti kama anaendesha ibada. "Mia tisa, mia tisa. Mia nane, mia tisa. Mia sita, mia nane na hamsini." Mimi nilitakiwa kuandika. Nina karatasi ile mpaka leo. Ina mstari mmoja mrefu unaotoka nje ya ukurasa. Breki zilianza kunuka, kisha kutoa moshi, kisha shofere akasema kwa utulivu kwamba sasa tutashuka haraka zaidi bila yeye kufanya chochote.

Tulisimama ndani ya shamba la mihogo, chini kabisa, mahali barabara inapolala. Hakuna aliyeumia. Akina mama watatu waliteremka, wakatengeneza vitenge vyao, wakamwambia shofere mambo ambayo aliyasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na walipomaliza naye wakaja kwetu. Sajini hakuwasikia. Alikuwa ameketi kati ya mihogo akitazama mikono yake. Ya kioo kilichopasuka ilisema mita mia moja na sitini, na kweli bonde pale liko juu ya ziwa kidogo tu. Ile nzuri ilisema mia saba.

"Inashuka bado," alininong'oneza. "Tazama."

Kweli, sindano ilikuwa inatambaa, mia sita tisini, mia sita themanini, kana kwamba yenyewe imebaki kwenye kona ya tatu ikitusubiri. Ilichukua muda wa kuokota kabichi zote mpaka ikatufikia.

Nyumbani niliifungua. Pembeni ina kitundu kidogo kama cha sindano ya kushonea, ambacho hewa inapitia. Kitundu kilikuwa kimezibwa na kiwi ya viatu, ikabaki upenyo wa unywele tu. Ukipanda taratibu hewa inapata nafasi ya kupenya, ukianguka, haipati. Na ile nyingine, ufa wa kioo chake ulikuwa unaingiza hewa kama dirisha. Nilimwonyesha sajini. Nilimwambia ninaweza kuisafisha ile nzuri ikawa nzima. Akasema hapana, kitu kikishamwambia mara moja kwamba yuko mita mia saba wakati amekalia muhogo, hawezi kukiamini tena.

Basi tulikuwa tumechagua. Zilibaki wiki chache mpaka sikukuu, na ndipo uasi dhidi ya serikali ukatufikia.

Sitaki kuifanya miezi ile ichekeshe kuliko ilivyokuwa. Waasi waliingia mjini wakiwa wamefunga majani kichwani, na wengi wao walikuwa watu tuliowajua, wenye njaa ya haki na njaa ya kawaida. Watu wenye tai walichukuliwa, na baadhi hawakurudi. Jirani yangu mmoja, karani, alichukuliwa akiwa anakunywa chai. Sajini alivuka ziwa kwenda Burundi ndani ya mtumbwi wa kuvulia ndagala, amelala chini ya nyavu, amevaa kitenge cha mke wangu. Kabla ya kuondoka aliniletea altimetre zote tatu, zimefungwa ndani ya taulo, akaniomba nizitunze. Sikukataa, na nilijuta kabla hajafika ufukweni.

Walikuja kupekua siku ya tano. Komanda wao alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, ambaye baadaye nilisikia alikuwa akifundisha kuimba. Alifungua taulo.

"Hii iko nini?"

"Ni kipimo, mkubwa."

"Iko fono ya kuita ndege," alisema mmoja wa watu wake, na wengine wakasogea. Siku hizo ndege za serikali zilikuwa zikipita juu yetu na kutupiga, na mtu wa kuita ndege hakuwa na maisha marefu.

Nilisema haraka kwamba haiongei, haiiti mtu, inapima tu urefu wa kwenda juu. Komanda akaifunga ile nzuri mkononi, akaitazama.

"Inasema zero."

"Ndiyo, mkubwa. Kwa sababu uko chini."

Nilisikia maneno yangu yakitoka na nikatamani kuyakimbilia.

"Minye niko chini?" aliuliza, kwa upole uleule.

"Si weye, mkubwa. Ziwa. Ziwa liko chini, na sisi tuko karibu na ziwa."

Alitaka kuona. Tulipanda kilima cha nyuma ya mtaa, mimi mbele, bunduki nyuma, komanda katikati akiwa na altimetre tatu mkono mmoja. Nilimwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua kwamba sindano zisogee, na zikasogea. Kileleni mbili zilisema mia mbili. Ile ya kijivu ilisema mia sita na hamsini. Watu wake walishangilia. Komanda akaitazama ile ya kijivu kwa macho ambayo nilikuwa nimeshayaona kwa mtu mwingine, akanirudishia zile mbili.

"Hizi ni mbovu," alisema. "Utazitengeneza."

Sikumweleza habari za futi. Tulikuwa na shida nyingine, maana kesho yake aliniita akalalamika kwamba kila akishuka ofisini sindano inarudi sifuri mbele ya watu. Nikamwonyesha kile kifundo cha pembeni. Alikizungusha mwenyewe mpaka elfu tisa, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo alikuwa elfu tisa akiwa amekaa kwenye kiti, na mimi nikawa na karatasi ya kupita vizuizi vyote, iliyoandikwa kwamba niko fundi wa kimo cha komanda. Karatasi hiyo ilimpitisha mke wangu mara mbili kwenda kutafuta unga, na mara moja ilimtoa ndugu yake mahali ambapo watu hawakuwa wakitoka. Kwa hiyo simcheki sana komanda. Jeshi liliporudi yeye alipotea kuelekea milima ya kusini, na sijui aliishia wapi.

Sajini alirudi amenenepa, na kitenge hakukirudisha. Sikukuu ya uhuru iliyofuata wakubwa wapya wa teritwari walikumbuka mpango wa wakubwa wa zamani, na safari hii ndege ndogo ilipatikana, ikatua kwenye kiwanja cha majani bondeni, karibu na Luberizi. Nilikuwepo. Mimi mwenyewe niliiweka ile ya kioo kilichopasuka kwenye sifuri, nikaifunga mkononi mwake, na nikamrudia maneno yote: usitazame watu, tazama sindano, ikifika mia nane vuta.

"Fundi," aliniambia, "unaiamini?"

"Ninaiamini."

"Weye ungeruka nayo?"

"Hapana," nikasema, na kwa namna fulani hilo lilimtuliza.

Watu walikuwa wengi, kwaya mbili, Wakatoliki kushoto na Waprotestanti kulia, na kiongozi kwenye jukwaa akiwa na hotuba mkononi. Ndege ilipanda ikizunguka mpaka ikawa kama nzi. Kisha kitu kidogo kikatoka. Nilianza kuhesabu moyoni anavyopaswa kuanguka, na sikufika mbili. Parashuti ilifunguka palepale mlangoni pa ndege, nyeupe, juu kabisa, na kwaya zote mbili zikaanza kuimba kwa pamoja nyimbo tofauti.

Tatizo la kufungua juu ni kwamba unabaki juu. Upepo wa mchana unaotoka ziwani ulimchukua taratibu kuelekea kaskazini. Kiongozi alianza kusoma hotuba yake akimwonyesha kwa mkono, na mkono ukawa unahama polepole, mpaka ilibidi ageuke, na mwishowe alikuwa anahutubia akiwa ametupa mgongo. Kisha sajini akapotea nyuma ya miti ya upande wa Mutarule.

Nilikimbia na watu wengine kama saa nzima. Tulimkuta ndani ya mpunga, au tuseme kando yake, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, amelowa mpaka kifuani, anakula bugali na ndagala kwa familia moja ya wakulima. Mwenye shamba alikuwa amesimama akitazama njia aliyoichimba mgeni wake katikati ya mpunga. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua kama wataruka wengine.

Nilimshika sajini mkono nikatazama altimetre. Ilikuwa sifuri kamili.

"Ulivuta kwenye ngapi?" nilimuuliza.

Alitafuna, akameza. "Sijui, fundi."

"Hujui namna gani? Si ilikuwa mkononi mwako?"

"Nilitoka mlangoni, nikaona ziwa lote. Lote, mpaka Burundi. Nikavuta."

Nilikaa chini. Nilifikiria mlima, na mihogo, na bunduki mgongoni mwangu, na nikataka kumwambia kitu kikali, lakini mke wa mwenye shamba alikuwa ameshaniwekea sahani. Nikala.

Parashuti ikishalowa maji ya mpunga inakuwa nzito kama ng'ombe. Tuliibeba watu sita, tukipokezana, kwa njia ya matuta mpaka Luberizi, sajini akitembea nyuma na kofia yake kwapani, akiwasalimu wote waliotoka nyumbani kumwona. Tulifika viti vimeshapangwa juu ya viti, na kiongozi ameondoka. Kwaya ya Waprotestanti ilikuwa bado ipo, inasubiri gari, na walipotuona wakaimba tena kuanzia mwanzo.